Naomba ushauri: makali ya kisu cha kukunja yamekwenda upande

Wakuu, habari za jioni. Nina kisu cha kukunja cha Opinel, namba 8, cha chuma kile kinachoshika kutu, namenyea machungwa na kukatia kamba za mizigo. Nakinoa mwenyewe kwa kinoo cha pande mbili, 400 (upande wa kukwaruza) na 1000 (upande laini).

Juzi nimekiangalia juani nikaona aibu. Upande wa kulia mteremko wa makali una upana wa karibu milimita 2, wa kushoto haufiki hata nusu yake. Kukata kinakata, ila ukipasua chungwa kinakimbilia upande.

Nikapaka makali wino wa maka peni, nikapitisha kinooni mara tano kila upande. Kulia wino umefutika kule juu karibu na ubapa, pale kwenye makali yenyewe umebaki. Kushoto umefutika ukingoni tu. Kwa hiyo kulia nakilaza mno na kushoto nakisimamisha, nadhani kwa sababu nikigeuza kisu kiwiko kinanyanyuka chenyewe.

Sasa, ninoe kushoto peke yake kwa 400, nikiwa nimekilaza, mpaka upana ulingane? Naogopa kumaliza chuma, ubapa wenyewe mwembamba. Au nigawanye, kila nikinoa niongeze kidogo upande huo? Na mnashikaje pembe ya nyuzi 20 kati ya kisu na kinoo bila kifaa, hasa pale makali yanapopinda kuelekea nchani? Hapo ndipo mkono unanisaliti kabisa.

Fundi wa kunoa kwa gurudumu la baiskeli msinitajie, alishanichomea panga likawa la bluu.