Tupeane uzoefu: ulinunua programu kwa hela yako halali, ikaja apgredi ukaambiwa leseni yako haitambuliki

Mhasibu wa Kaloleni (mwanzisha mada)

Habari za jioni wakuu. Mi ni mhasibu wa kujitegemea hapa Arusha, naandikia hesabu maduka kumi na moja, mengi ya Ngarenaro na kule Soko Kuu. Hili jambo limenikaa kooni wiki ya nne sasa, nimeona niliseme na nijue wenzangu mlivukaje.

Mwaka 2018 nilinunua programu ya uhasibu kwa wakala, laki nane na nusu, na kwa kipindi kile hiyo ilikuwa kodi yangu ya fremu ya miezi minne. Wakala akanihakikishia kwa kinywa chake, "hii ni ya maisha dada, hulipi tena." Nikapewa boksi, ndani CD na stika yenye namba za leseni. Programu yenyewe siidai kitu, imenifanyia kazi vizuri miaka yote, sijawahi kukraki, sijawahi kumuazima mtu.

Sasa laptopu ikafa maza bodi. Nikajikusanya nikanunua nyingine, imekuja na Windows 11, programu yangu ikagoma kabisa kuingia, inasema inataka toleo jipya. Nikasema sawa, kwenye tovuti yao kuna bei mbili, ya mteja mpya na ya mteja wa zamani, na hiyo ya wa zamani ni kama theluthi tu ya ile nyingine, nikajua hapo ndo pangu. Naingiza namba naambiwa leseni hii haistahili apgredi. Kumbe apgredi yao inarudi nyuma matoleo mawili tu na langu ni la tatu. Yaani kwa kuwa programu yao ilikuwa nzuri nikatulia nayo, leo nahesabiwa mgeni ambaye hajawahi kununua kitu kwao!

Na hilo jibu lenyewe nilihangaika siku 19 kulipata. Kwanza ikaja imeili ya mashine, tumepokea ombi lako, namba ya tiketi hii hapa. Siku ya nne wanataka picha ya stika. Stika ilikaa kwenye droo karibu na dirisha, wino umefifia, herufi tano za mwisho hazisomeki, ikabidi binti yangu wa form two anishikie tochi ya simu kwa ubavu na mimi nasoma kwa kukisia, hii ni nane au ni B, hii ni sifuri au ni O. Tukajaribu mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya tano mfumo ukanifungia masaa 24 kwamba nimejaribu kupita kiasi. Nikapiga ile namba ya sapoti, ni ya nje ya nchi, muziki dakika 14 vocha ya elfu kumi ikaisha sijaongea na binadamu. Wakala naye pale alipokuwa sasa hivi wanauza viatu vya mtumba, namba yake anapokea mtu mwingine kabisa.

Wakati huo tarehe 20 inakuja na ritani za VAT hazisubiri mtu. Bakapu yote ninayo kwenye flashi ila lile faili halifunguki na programu nyingine yoyote. Nilikaa na mafurushi ya risiti za EFD, zile za mashine za kodi, usiku tatu mfululizo naingiza moja moja kwenye Excel, wateja watatu nikawahi, wa nne nikapitiliza, na kwa kuwa kosa si lake faini nimeibeba mimi.

Naomba mwenye lililomkuta aseme, na kama ulipata njia useme pia.

Mdau wa tua, Sakina

Pole sana dada. Mi nipo ofisi ya utalii, natengeneza vipeperushi na ratiba za safari kwa ile programu ya kulipia kila mwezi. Nilidhani kila mwezi ni kila mwezi, mwezi ukiwa mgumu unaacha. Mwezi wa nne mvua zinanyesha wageni hamna, nikaenda kusitisha nikaambiwa nilisaini mkataba wa mwaka unaolipwa kwa mafungu ya mwezi, nikitoka sasa nalipa nusu ya miezi iliyobaki. Nimerudi kuangalia ukurasa ule wa malipo, kweli imeandikwa, kwa maandishi madogo ya kijivu chini ya kitufe.

Lakini kilichoniuma zaidi ni mwezi wa saba. Katikati ya msimu benki ikazuia kadi kwa malipo ya nje, programu ikajifunga siku hiyo hiyo, na mafaili yote ya ratiba yapo ndani, wageni sita wanatua KIA kesho yake. Naandika kwenye chati najibiwa na roboti "tunaelewa unavyojisikia" mara tatu, maneno yale yale. Mtu hasa nilimpata saa tisa usiku maana kwao ndo mchana. Tangu siku hiyo kila ratiba nikimaliza natoa na PDF naweka pembeni, hata kama nimechoka vipi.

Mwalimu wa kwaya, Majengo Moshi

Bwana asifiwe. Sisi tuna studio ndogo ya kurekodia kwaya. Programu yetu ya muziki ilikuwa inafanya kazi kwa kale kafunguo ka USB, ukikachomoa programu haifunguki. Tulinunua kwa mchango wa kwaya nzima, watu walitoa elfu tano tano, kina mama wengine walileta ndizi zikauzwa Mbuyuni.

Kafunguo kakapotea. Tulihamisha vitu kupisha mafundi wa rangi, kakapotea hivyo hivyo. Nikawaandikia kampuni nikaambatanisha risiti, jina la kanisa, namba ya usajili, barua pepe ile ile tuliyosajilia. Wakanijibu kwa heshima sana lakini jibu ni moja, leseni inaishi kwenye kafunguo, kakipotea kamepotea na leseni, nunueni upya. Nikawauliza kama mnajua sisi ndo tulionunua na mnayo kumbukumbu kwenu, si mkazime kale kalikopotea mtupe kengine? Hawakujibu tena hadi leo.

Kwaya moja kutoka Kibosho walikuwa wamekodi Coaster kuja kurekodi Jumamosi ile. Wameshafika, wamevaa sare, nimesimama mlangoni sina la kuwaambia. Mzee mmoja besi akanishika bega akaniambia mwalimu tuimbe tu, urekodi hata na simu. Tukaimba. Nimeiweka hiyo rekodi ya simu mpaka leo.

Fundi wa Double Road

Wakuu mi nashika mashine za watu hapa Moshi mwaka wa kumi na mbili huu, mengi ya haya yanaishia mezani kwangu na mteja ananilaumu mimi, naomba niseme kitu kisaidie.

Leseni haziko sawa. Kwa upande wa Windows, ile inayokuja na mashine toka kiwandani, wanaiita OEM, imefungwa na maza bodi ya mashine hiyo, huruhusiwi kuihamishia mashine nyingine. Ile ya kununua peke yake, ritelo, ndo unaweza kuihamisha ukaitoa mashine hii ukaweka ile. Halafu kuna za maofisi makubwa, nyingi ya hizo zinatakiwa kuripoti kwenye seva ya ofisi yao angalau mara moja ndani ya kila siku 180. Sasa mtu anauziwa ki, yaani namba ya leseni, ya elfu ishirini mtandaoni, inakubali vizuri, baada ya muda inaanza kudai aktivesheni, yaani uthibitishe leseni upya, anakuja kwangu "fundi umeniharibia." Mara nyingi ni ki ya ofisi ya watu huko imegawiwa kwa mamia.

Na hili la Windows 10, sapoti yake iliisha tarehe 14 Oktoba 2025, Office 2016 na 2019 nazo siku hiyo hiyo. Windows 11 inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0 na prosesa za kuanzia kizazi cha nane kwa Intel, kwa hiyo zile laptopu za used zinazotoka Dubai ambazo ndo mtaji wa watu wengi huku kwetu, kizazi cha nne, cha tano, cha sita, haziingii kwenye orodha. Mashine nzima, ina hadi disiki ya SSD, inawasha sekunde kumi na tano, unamwambia mama wa watu haistahili. Naumia kumwambia.

Dada mhasibu, swali moja: iliyokufa ni bodi tu au na disiki? Maana kama disiki ni nzima kuna kitu naweza kufanya.

Bursa wa shule, Boma Ng'ombe

Mi wa kwangu hata si wa nje. Mfumo wa ada na matokeo tulitengenezewa na vijana wa hapa hapa nchini. Mwaka wa kwanza safi. Mwaka wa pili wanasema kuna toleo jipya, lipeni, tukalipa. Mwaka wa tatu tunaomba tu mtutolee orodha ya wanafunzi na madeni yao kwenye Excel tukae nayo, wanasema hiyo huduma haipo kwenye pakeji yenu. Data ni za kwetu, tumeziingiza sisi, majina ya watoto wetu! Simu hazipokelewi, WhatsApp tiki mbili za bluu.

Dev wa Njiro

Ngoja niongee upande wa pili, mi naandika mifumo. Mteja anataka alipe mara moja 2019 halafu mwaka huu anipigie saa nne usiku kwamba ripoti haitoki. Seva nalipia kila mwezi, TRA wakibadili kitu kwenye VFD, ule mfumo wao wa risiti za kielektroniki, inabidi niandike upya, hiyo kazi nani anailipa? Ada ya mwaka si wizi. Tatizo watu hawasomi mkataba.

Bursa wa shule, Boma Ng'ombe

Kaka ada ya mwaka tulilipa, risiti ninazo zote. Sijakataa kulipa, nimekataa kunyimwa orodha ya wanafunzi wangu.

Dev wa Njiro

Hapo kwenye data nakubaliana na wewe bursa, hilo si sawa, na mimi kwangu mteja akiondoka nampa faili lake siku hiyo hiyo. Mkataba wenu unasema nini kuhusu data? Kama haupo wazi nendeni na barua ya bodi ya shule, iwe na tarehe na muda wa kujibu. Wakinyamaza kuna Sheria ya Ushindani ya 2003 na tume yake FCC, kazi yao mojawapo ni kumlinda mlaji, peleka malalamiko yenye vielelezo.

Mama duka la dawa, Usa River

Mimi ajenti wangu kila apgredi alikuwa ananitajia bei kwa dola, leo ni hivi kesho dola imepanda ni vile, na tunakaa naye mji mmoja. Mwaka 2025 zilipotoka zile kanuni za kukataza bei za ndani kwa fedha za kigeni nikazichapisha nikamuwekea mezani. Akaandika kwa shilingi siku ile ile. Chapisheni na nyie.

Mhasibu wa Kaloleni (mwanzisha mada)

Asanteni sana, nimesoma moja moja, mwalimu wa kwaya ya kwako imenitoa machozi. Fundi, disiki ni nzima, niliitoa nimeifunga kwenye kitambaa ipo kwenye droo ile ile.

Fundi wa Double Road

Njoo nayo, na boksi, na stika hata kama imefifia. Usiisugue. Nina mashine ya aina ile ile ya zamani, nitaipachika humo tuone. Baadhi ya programu za uhasibu zikikosa leseni zinakuzuia kuingiza kipya ila kusoma na kutoa ripoti zinakuruhusu. Siahidi, ila tutajaribu.

Mhasibu wa Kaloleni (mwanzisha mada)

Wakuu narudi na mrejesho. Nilishuka Moshi Alhamisi na basi la asubuhi. Ile disiki ilipowaka na ile rangi ya kijani ya programu yangu ikatokea nilishika mdomo. Ikadai aktivesheni, fundi akabonyeza "baadaye", ikafunguka ya kusoma tu. Tulikaa mpaka saa kumi na moja jioni tunatoa leja moja moja kuwa faili za Excel, maduka yote kumi na moja, toka 2018. Fundi alitaka elfu thelathini tu, nimemuongezea na bado naona sijamlipa.

Kununua upya kwa wale sinunui. Dev wa Njiro nimekutumia ujumbe pembeni, nataka mfumo ambao kwenye mkataba imeandikwa data ni zangu.

Jana kampuni wakanitumia imeili kwamba tiketi yangu imefungwa na niwape nyota kati ya moja na tano. Nimewapa moja, na kwenye kisanduku cha maoni nikaandika yote, stika, tochi, faini, Excel za usiku, mpaka kikakataa herufi zaidi. Kilichobaki nikakiandika kwenye imeili nyingine nikawatumia.