Gemu ya bendi nzima kwa PS3 (gita, ngoma, maiki): ninunue ama niachane nayo?

KejaYaUmoja
Wadau habari zenu. Kuna jamaa anahama na anauza PS3 pamoja na seti nzima ya Guitar Hero World Tour, yaani gita mbili, ngoma na pedali yake, maiki, halafu anaongeza diski ya Rock Band 2, gemu ingine ya aina hiyo, kwa bei hiyo hiyo. Mimi niko na kibanda cha PS hapa Umoja, vijana wanakuja FIFA kuanzia wakitoka shule mpaka usiku, na nilikuwa nafikiria kona moja niiweke hii ya muziki juu mtaani sijaona mwenye iko nayo. Pia nyumbani niko na watoto wanapenda kuimba sana. Hii gemu nimeiona tu YouTube. Wenye mmeicheza mkiwa bendi nzima, uzuri wake uko wapi na inaangusha mtu wapi? Msiniambie tu "ni poa", nataka kujua kabla nitoe pesa.

NgomaNzito_254
Mimi hupiga ngoma kanisani na hii gemu tumeicheza sana na vijana wa kwaya, kwa hivyo wacha nikuambie venye naiona.

Noti zinashuka kwa skrini na kila mtu anazipiga kwa chombo chake zikifika kwa mstari. Uzuri wake mkubwa ni watu wanne kuwa kwa wimbo mmoja. Si kushindana, ni kushikana. Ukikosa noti, ile sauti ya chombo chako inapotea kwa wimbo, na kila mtu kwa chumba anasikia hapo pamebaki shimo, gita imenyamaza ama ngoma imekatika, na unajua ni wewe. Kwa Rock Band mtu akilemewa kabisa anatolewa, lakini mwenzake akiwa ameweka akiba ya Overdrive (nguvu unayojaza ukipiga vizuri) anaeza kuiwasha amrudishe ndani, na wasipomrudisha bendi yote inaanguka. Nimeona vijana wenye hawasalimiani wakipigiana kelele "washa! washa!" ndio mmoja aokolewe. Hiyo hisia sijaipata kwa gemu ingine.

Uzuri wa pili ni kila mtu anachagua ngazi yake. Mtoto anacheza Easy, wewe uko Expert, na mko kwa wimbo mmoja na hakuna anayemvuta mwenzake nyuma.

Sasa ngoma. Watu huuliza kama zinafunza kitu cha ukweli. Ngoma ndio zinafunza, zaidi ya gita. Ukifika Expert unachopiga kinakaribia sana chenye mpigaji wa wimbo alipiga, na kugawanya mkono wa kulia, wa kushoto na mguu ni ule ule. Nimeona mtoto ametoka kwa hii seti akakaa kwa ngoma za kanisa na akashika mdundo rahisi siku hiyo hiyo. Seti ya World Tour nayo iko na padi tatu na matoazi mawili yameinuliwa juu, kwa hivyo mkono unazoea kupanda na kushuka kama kwa ngoma zenyewe. Chenye hutapata ni pedali ya hi-hat (yale matoazi mawili yanafungwa na mguu), mguu wa kushoto umelala tu, na mpira wa padi haurudishi fimbo kama ngozi.

Gita ni vifungo vitano vya rangi na kale kabao ka kupiga, haikufunzi kushika kodi (chord) hata moja. Inakufunza kuhesabu na kusikia, basi. Rock Band 3 ya 2010 ilijaribu kuziba hapo, wakaleta gita ya Fender Mustang yenye vifungo 102 ndio upige kama nyuzi zenyewe, lakini kuipata hapa Nairobi itakusumbua.

Na mwenye kucheza besi, yaani ile gita ya pili, atalalamika. Nyimbo nyingi besi inatembea pole pole na anahisi amepewa kazi ya kushika mlango. Zungusheni vyombo kila wimbo.

FundiWaNyaya
Mkuu kabla utoe hata shilingi angalia kitu moja, vile vipokezi vidogo vya USB. Kwa PS3 kila gita na ngoma ya hiyo seti haina waya, inaongea na kipokezi chake yenyewe, si Bluetooth kama pedi ya kawaida ya kushika mkononi. Kipokezi kikipotea hiyo gita ni pambo la ukutani, na kutafuta kingine ni shida tupu. Kwa hivyo hesabu: gita mbili ni vipokezi viwili, ngoma kimoja, maiki nayo ni waya wa USB, hapo ni nafasi nne na PS3 nyingi ziko na mbili tu. Utahitaji hub, kile kifaa cha kuongeza nafasi za USB. Mwambie jamaa awashe vyote vinne mbele yako, mcheze wimbo mmoja mpaka mwisho, sio kuwasha menyu tu. Piga kila padi pole pole kisha kwa nguvu, hapo ndio utajua kama kuna yenye imeanza kufa. Gita nayo piga kale kabao juu na chini haraka haraka, kama inakosa upande mmoja ni swichi imechoka, inabadilishwa, si mwisho wa dunia.

Na usiletewe gita ya Xbox 360 ukiambiwa "zote ni sawa". Haitaongea na PS3. Lakini kwa PS3 yenyewe vyombo vya World Tour vinakubali Rock Band 2, hapo hana uongo.

Shida ingine kubwa ni TV. TV za sasa zinachelewesha picha kidogo, kwa FIFA huoni, lakini hapa noti inafika kwa mstari wakati wimbo umeshapita na utadhani watu wako hawajui muziki. Washa ile Game Mode ya TV, alafu ingia kwa seting za gemu ufanye kalibresheni, yaani kulinganisha picha na sauti, na uirudie ukihamisha PS3 kwa TV ingine. Kama uko na ile TV ya kitambo yenye kisogo, itumie. Haichelewi.

SautiYaSouthB
Niongeze upande wa kuimba juu nyinyi wanaume mmeruka maiki kabisa 🙂 Gemu inapima sauti imepanda ama imeshuka wapi, haisikilizi kama umesema maneno sawa, na zile sehemu za kuongea zinapimwa kivingine. Kwa hivyo mtoto mwenye hajui wimbo anaeza kuguna tu "mmm" akifuata ule mstari wa sauti kwa skrini na akapata alama. Na haijali kama umeimba chini ama juu kwa oktavu, mzee wangu anaimba nyimbo za akina dada kwa sauti yake nzito na inakubali. Watoto wangu wamejifunza kusikiliza kabla ya kufungua mdomo, na hilo nalishukuru.

Lakini nyimbo zenyewe ndio udhaifu kwetu. World Tour iko na nyimbo 86 na nyingi ni roki ya Marekani na Uingereza. Hakuna benga, hakuna rumba, hakuna kitu mtoto amesikia kwa matatu. Kama hupendi roki utachoka haraka. Ukitaka kuongeza nyimbo sasa hivi kwa hizi za kitambo ni ngumu, leseni zinaisha na zinatolewa sokoni, kwa hivyo hesabu chenye kiko kwa diski.

Na majirani! Padi zenyewe hazina kelele ya spika, lakini ile pedali inagonga sakafu tu tu tu na wa chini anasikia yote. Weka godoro la zamani ama kapeti nzito chini ya ngoma. Ukipunguza sauti ya TV ndio inakuwa mbaya zaidi, mnabaki mnasikia plastiki ikigongwa.

KejaYaUmoja
Asanteni sana, hii ndio nilikuwa natafuta. Swali moja tu, kwa kibanda je? Nikicharge kwa wimbo, itarudisha pesa? Na kama ni nyimbo ndio shida, hakuna njia ya kuweka zetu?

NgomaNzito_254
Kwa kibanda mimi singeweka. FIFA inataka watu wawili na pedi mbili, anayeshindwa anatoka, laini inasonga. Hii inataka wanne wakubaliane wimbo, wajifunze, washindwe, warudie, na raha inakuja baada ya hapo. Mtu amelipa wimbo mmoja ataondoka akisema ni ngumu. Na kijana akikasirika na pedi anaitupa kwa kochi, akikasirika na fimbo ya ngoma anaipiga padi mpaka ipasuke, na hizo vyombo hazitengenezwi tena tangu Activision, kampuni yenye gemu hiyo, wafunge kitengo cha Guitar Hero 2011. Nyumbani, au ukodishe kwa sherehe kwa kikundi chenye umekaa nacho, hapo ndio naona pesa.

FundiWaNyaya
Kuhusu nyimbo zetu, njia ipo lakini ni ya kompyuta si PS3. Kuna YARG, gemu ya aina hii hii na ni ya bure, inachukua gita, besi, ngoma na hata kuimba, na gita hizo hizo za PS3 na vipokezi vyake zinaingia kwa USB. Clone Hero pia iko, hiyo ni gita na ngoma, kuimba hakuna. Kwa zote mbili mtu anaeza kuandika noti za wimbo wowote mwenyewe, hata benga. Ni kazi ya kukaa chini, unaweka noti moja moja ukifuata wimbo, lakini huyo mpigaji wa kanisa hapo juu akikuandikia ngoma na mwingine gita, watoto wako watacheza nyimbo wanazojua. Anza na huo mtihani wa vipokezi kwanza, kama kimoja hakipo mwambie ashushe bei ya hiyo gita yote.