Naomba ushauri: kanzidata ya nyumba za kupangisha, vyumba 46 na fremu 8

Uani_Kwetu
Wakuu, habari za muda huu. Nasimamia nyumba za familia hapa Dar, mbili Sinza na moja Tabata, jumla vyumba 46 na fremu 8 za biashara. Wapangaji wa vyumba wanalipa miezi mitatu au sita kwa mkupuo, wa fremu mwaka mzima. Kila kitu kiko kwenye Excel: mstari mmoja kwa chumba, jina, simu, kodi, tarehe ya kuisha. Mtu akihama nafuta jina naandika la mwingine. Sasa mzee anauliza nani alikaa chumba namba 7 mwaka juzi na aliondoka na deni gani, na jibu halipo popote. Nataka nihamie Microsoft Access, programu ya kanzidata, ninayo tayari kwenye kompyuta. Nitengeneze majedwali mangapi na yaunganeje? Mfumo wa kulipia kila mwezi sitaki.

Jedwali_Safi
Mkuu, tatizo si Excel. Tatizo ni kwamba umemfungia mpangaji ndani ya chumba. Chumba kipo hata kikiwa kitupu, na mtu yupo hata akihama. Kinachowaunganisha ni mkataba, na huo ndio unataka jedwali lake. Mimi ningeanza na saba:

Majengo: jina, mtaa, namba ya kiwanja.

Vyumba: jengo, namba ya chumba, aina (chumba kimoja, chumba na sebule, masta, fremu), namba ya mita ya umeme ya LUKU. Jina la mpangaji lisionekane hapa.

Wapangaji: majina matatu, simu mbili, namba ya NIDA, TIN (namba ya mlipakodi) kwa wa fremu, mtu wa karibu na simu yake.

Mikataba: chumba, mpangaji, kuanza, kuisha, tarehe aliyoondoka kweli, kodi kwa mwezi, miezi ya mkupuo.

Madai: mkataba, aina (kodi, maji, taka, ulinzi), kipindi kuanzia, kipindi mpaka, siku ya mwisho ya kulipa, kiasi.

Malipo: mkataba, tarehe, kiasi, njia, namba ya muamala.

Mgawanyo: malipo, dai, kiasi.

Hilo la mwisho wengi wanaliruka halafu wanalitafuta baada ya miezi sita. Mpangaji kakuletea 500,000. Kodi ya miezi mitatu ni 450,000, maji 32,000, taka 5,000. Bila Mgawanyo unajua tu kwamba kalipa 500,000. Ukiwa nao, unajua 450,000 imeingia kwenye kodi, 37,000 kwenye maji na taka, na 13,000 inasubiri dai lijalo. Siku akikubishia kwamba maji ya Juni alilipa, unamwonyesha mstari.

Na deni usiliandike mahali popote. Ukiweka kolamu ya salio, siku mtu akirekebisha malipo ya Machi salio litabaki la zamani, na hakuna atakayegundua. Deni lihesabiwe kila unapouliza: jumla ya madai yaliyofika siku yake, toa jumla ya malipo. Kwa vyumba 46 Access inalitoa hapo hapo.

KodiNaMita
Naunga mkono, ila naongeza mambo madogo yanayoua data kimya kimya.

Namba ya NIDA ina tarakimu 20. Excel inashika tarakimu 15 tu za namba, zinazofuata inazigeuza sifuri. Kama uliziandika kama namba, tano za mwisho zimeshapotea na huwezi kuzirudisha kwa kubadili muonekano wa seli. Itabidi uchukue upya kwenye vitambulisho. Kwenye Access zifanye maandishi. Simu nazo maandishi, la sivyo 0754 inakuwa 754. Mita ya LUKU vile vile. Kanuni yangu: kama hutaijumlisha wala kuizidisha, hiyo si namba.

Kodi na malipo tumia aina ya fedha, Currency. Ukitumia Double, aina ya namba za desimali zinazokadiriwa, ukigawanya bili ya maji kwa vyumba 14 utakuja kupata mpangaji anadaiwa 0.0000001 na anatokea kwenye orodha ya wadaiwa kila mwezi.

Tarehe ndiyo mtego mkubwa. Ukiandika #03/04/2025# ndani ya hoja ya Access (query, yaani swali unaloiuliza kanzidata), kwenye muonekano wa SQL, inasoma Machi 4, si Aprili 3. Ukiandika #25/04/2025# inasoma sawa, kwa sababu mwezi wa 25 haupo. Kwa hiyo kosa linatokea kwa siku ya 1 mpaka ya 12 tu, na ukijaribu na tarehe za mwisho wa mwezi utaona kila kitu kiko shwari. Andika #2025-04-03# umalize.

mhasibu_wa_zamu
Upande wa hela, mawili.

Dhamana si mapato. Ni hela ya mpangaji uliyoishika. Ipe aina yake kwenye Madai ili isijumlishwe na kodi, na siku akiondoka iandikwe kama marejesho yenye makato yaliyotajwa moja moja: rangi, kitasa, deni la maji.

La pili linawahusu wa fremu. Mpangaji akiwa kampuni, anatakiwa akate asilimia 10 ya pango kama kodi ya zuio na kuipeleka TRA. Fremu ya 300,000 kwa mwezi ni 3,600,000 kwa mwaka. Wewe unapokea 3,240,000 na yeye anapeleka 360,000. Kanzidata isiyojua hilo itakuonyesha anadaiwa 360,000 milele. Kwenye Malipo, kolamu ya njia iwe na chaguo la "zuio", na kando yake namba ya cheti cha zuio. Bila cheti usiingize, maana ndicho ushahidi wako kwamba zuio hilo lilikatwa. Weka pia kwenye Mikataba tarehe ya kulipa ushuru wa stempu. Mkataba usio na stempu unakusumbua ukitaka kuutumia kama ushahidi mahakamani.

Uani_Kwetu
Asanteni sana wakuu. Mawili bado: nazuiaje chumba kimoja kuwa na mikataba miwili kwa wakati mmoja? Na kodi ikipanda nabadilisha wapi?

Jedwali_Safi
Mikataba miwili inagongana kama mwanzo wa mpya uko kabla au sawa na mwisho wa ule wa zamani, NA mwisho wa mpya uko baada au sawa na mwanzo wa ule wa zamani. Sharti hilo moja linakamata kila aina ya mgongano, hata mkataba mfupi uliomezwa na mrefu. Kwenye fomu ya Mikataba, tukio la kabla ya kuhifadhi, hesabu rekodi za chumba hicho zinazotimiza sharti, ukiacha rekodi yenyewe. Ikizidi sifuri, kataa. Ukija kuhamia PostgreSQL, programu nyingine ya kanzidata, kuna kizuizi cha EXCLUDE kinachofanya hivyo ndani ya jedwali lenyewe, hata mtu akipita nje ya fomu.

Mwisho wa mkataba upatikane kwa DateAdd, amri ya Access ya kuongeza miezi kwenye tarehe, kisha utoe siku moja. Miezi sita kuanzia Machi 1 inaishia Agosti 31. Ukiacha Septemba 1, mkataba unaofuata utagongana nao kwa siku moja na fomu itakukatalia. Na vipindi vyote vihesabu kutoka siku ya kwanza ya mkataba, si kutoka kipindi kilichopita: Januari 31 ukiongeza mwezi unapata Februari 28, ukiongeza tena kutoka hapo unapata Machi 28, na zile siku tatu zimekwenda.

Kodi ikipanda usiguse kodi ya mkataba wa zamani. Fungua mkataba mpya wenye kolamu inayotaja uliotangulia. Ukifuta 150,000 ukaandika 180,000, ripoti ya mwaka jana inaanza kusema uongo.

KodiNaMita
Hapo kwenye mgongano kuna tundu. Mkataba umeisha Juni 30, mtu bado yumo ndani na hajasaini mwingine. Hiyo Bongo ni kawaida kabisa. Ukifuata tarehe ya kuisha, mfumo utasema chumba kiko wazi na dalali ataleta mtu. Chumba kiwe wazi pale tu tarehe ya kuondoka imejazwa kwenye mkataba wa mwisho. Na tengeneza hoja ya pili: mikataba iliyopita tarehe ya kuisha na haina tarehe ya kuondoka wala mkataba uliofuata. Hiyo ndiyo orodha ya kupiga nayo simu kila Jumatatu.

Jedwali_Safi
Kweli kabisa, nakubali. Basi kwenye sharti la mgongano pia, tarehe ya kuondoka ikiwa tupu hesabu mkataba haujaisha, isipokuwa kama mkataba mpya unautaja kuwa ndio uliotangulia.

Pwani254
Niko Mombasa. Huku kodi ni ya kila mwezi, wengi tarehe 5, na wapangaji hutuma kwa Paybill (namba ya kulipia kwa simu) wakiandika namba ya nyumba kama akaunti. Utapata B7, b 7, B-7, 7B. Usilinganishe moja kwa moja; ondoa nafasi na alama, geuza herufi kubwa, na zisizolingana zipeleke kwenye orodha ya kusubiri mtu aziangalie. Usiuache mfumo ukisie.

Namba ya muamala nayo iwekee kizuizi cha kutojirudia. Mpangaji huonyesha ujumbe ule ule kwa mlinzi na kwako, na kila mmoja huingiza. Ya taslimu acha tupu, lakini risiti yake iwe na namba.

mhasibu_wa_zamu
Kuhamisha data, fuata mpangilio: Majengo, Vyumba, Wapangaji, Mikataba. Madeni ya nyuma usijaribu kuyajenga upya risiti kwa risiti. Chagua siku moja ya kuanzia, na kila mpangaji aingizwe dai moja la aina "deni la nyuma", akiwa amelisaini kwenye karatasi kabla hujaliingiza.

KodiNaMita
Faili la Access linakomea GB 2, kwa hiyo picha za mikataba zisikae ndani. Ziweke kwenye folda, kanzidata itunze njia ya faili tu. Gawa faili mbili, majedwali kwenye moja na fomu kwenye nyingine, kila mtumiaji awe na faili lake la fomu. Lile la majedwali usiliweke kwenye folda inayojisawazisha mtandaoni watu wawili wakiwa wamelifungua, linaharibika.

Zima kufuta kwa mnyororo. Ukiiwasha, kufuta mpangaji mmoja kunaondoka na mikataba yake, madai na malipo. Na hizo namba za NIDA ziko chini ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, hivyo faili liwe na nywila na nakala yake isizunguke kwenye WhatsApp.

Uani_Kwetu
Nimeelewa. Naanza na Majengo na Vyumba leo. Mita ndogo za maji niziweke kwenye Vyumba?

Jedwali_Safi
Namba ya mita ndiyo. Usomaji hapana, uwe na jedwali lake: mita, tarehe, usomaji. Dai la maji litokane na tofauti ya usomaji wa mwisho na uliotangulia. Mita ikibadilishwa, ingiza usomaji wa mwisho wa ile ya zamani na wa kwanza wa mpya siku ile ile, la sivyo utapata bili hasi.