Naomba ushauri: koni za mipaini zinajifunga kabla ya Krismasi

Habari wakuu. Natengeneza mashada ya Krismasi kwa koni za mipaini kutoka Mufindi. Huu ni mpaini wa asili ya Mexico, Pinus patula, na koni zake hukaa mtini miaka zikiwa zimefumba, utomvu umegandisha magamba mpaka joto liyaachie. Naziweka karibu na jiko la mkaa, zinaanza kulia ta! ta!, magamba yanachanua na mbegu zenye kibawa chembamba zinadondoka, kila gamba mbegu mbili. Zinapendeza sana.

Shida ni zikifika Dar. Unyevu wa pwani unazifumba tena. Najua upande wa nje wa gamba hunyonya maji na kutanuka kuliko wa ndani, ndiyo maana linajikunja, na hufanya hivyo hata koni ikiwa imekufa zamani.

Sasa, kuna aliyewahi kuzipaka vanishi zikabaki wazi msimu mzima? Au nikaushe kwenye oveni kwanza? Naogopa utomvu kushika moto. Wateja wameshaagiza, nisaidieni jamani.