Mrejesho: binti yangu na mikondo miwili ya darasa la sita

Niliwauliza kama binti yangu, anayeingia darasa la sita huku Texas, afuate mkondo wa kasi (unaosoma mada mapema kuliko kawaida) au wa heshima (kwa Kiingereza "honors", wenye kazi nzito zaidi). Nawashukuru nyote mlionijibu. Kwa hesabu, sheria ya jimbo ya mwaka 2023 ilikwisha kumpangia mkondo wa kasi, kwa kuwa alama zake za darasa la tano zilikuwa katika asilimia 40 za juu, ingawa mzazi anaruhusiwa kumtoa. Hatukumtoa, maana mkondo huo humwezesha mwanafunzi kusoma Aljebra ya Kwanza darasa la nane badala ya la tisa. Kwa Kiingereza tumechagua heshima, ambayo shuleni kwake ni mtaala uleule wenye insha nyingi zaidi, na insha, kusema kweli, ndizo zinazomchosha.