Sheria ya dawa za kulevya na methadoni ya Butabika: tuwaeleze nini vijana?

Mwanakisenyi:
Ndugu zangu, kamati yetu ya LC1 (baraza la kijiji hapa Uganda) inaandaa kikao na vijana na wazazi wao. Maswali mawili hayaishi. Mahakama ilifuta sheria ya dawa za kulevya mwaka 2023, mbona wauza mairungi (miraa) bado wanakamatwa? Na anayetumia heroini akitaka kuacha, methadoni, dawa anayopewa badala ya heroini, hutolewaje, na kwa nini wengine huanza kisha wakatoroka?

WakiliMukono:
Mahakama ya Katiba haikuhalalisha mairungi. Tarehe 5 Mei 2023 ilibatilisha sheria ya 2015 kwa sababu Bunge liliipitisha bila kuhakikisha akidi, yaani idadi ya wabunge inayotakiwa. Walioshtaki walikuwa wakulima na wafanyabiashara wa mairungi wa Wakiso. Bunge likaipitisha upya Agosti mwaka huohuo na Rais akatia saini. Mairungi na bangi zimo tena katika sheria, na kuzilima bila kibali cha maandishi cha waziri ni kosa. Anayewaambia vijana kwamba mahakama ilisharuhusu anawapeleka jela.

Nesi_wa_Zamu:
Najibu la methadoni. Butabika, hospitali ya magonjwa ya akili iliyoko Kampala, wameitoa tangu 2020. Ni ya watumiaji wa heroini na jamii yake tu. Kwa mairungi au bangi haisaidii kitu, wazazi walijue hilo mapema.

Mgonjwa huinywa kila siku mbele ya mhudumu. Siku ya kwanza kwa kawaida haizidi miligramu 30, na hapo ndipo wengi hukata tamaa, maana arosto, yaani mateso ya mwili kukosa heroini, haijaisha. Dozi haipandishwi haraka kwa sababu dawa hukaa mwilini zaidi ya siku moja na kujilimbikiza: kiasi kilichoonekana kidogo Jumatatu kinaweza kumzuia kupumua Alhamisi, hasa akiongeza pombe kali kama waragi au vidonge vya usingizi. Wiki mbili za kwanza ndizo za hatari. Wengi hutulia kati ya miligramu 60 na 120, nao hufika huko hatua kwa hatua.

Tatizo lisilosemwa sana ni kifua kikuu. Rifampisini, moja ya dawa za TB, huharakisha ini kuivunja methadoni, arosto inarudi, mgonjwa anadhani dawa imeshindwa na anarudia heroini. Kliniki iambiwe kabla hajaanza dawa za TB, dozi ipandishwe. Akimaliza TB ishushwe, la sivyo itamzidi. Efavirenzi na nevirapini za HIV nazo huipunguza nguvu.

Akikosa siku tatu mfululizo, asinywe dozi yake ya zamani kabla ya kupimwa upya.

Mwanakisenyi:
Asante sana dada. Na akikamatwa akiwa katikati ya matibabu?

Nesi_wa_Zamu:
Familia iijulishe kliniki siku hiyohiyo, itaje jina na kituo cha polisi, ili kliniki na polisi waone kama dozi inaweza kuendelea. Akikaa ndani wiki kadhaa bila dawa, mwili hupoteza uzoefu. Akitoka na kutumia kiasi chake cha zamani cha heroini, kinaweza kumuua. Kwangu mimi, kumfunga mtu kwa kete moja (kipakiti kidogo cha heroini) na kumkatiza tiba ni kumhukumu mara mbili.

WakiliMukono:
Kwa hiyo abebe kadi ya kliniki kila aendako. Haimkingi na mashtaka, lakini wakili anaitumia kuomba dhamana.

Nesi_wa_Zamu:
Wafundisheni pia dalili za kuzidiwa: midomo ya bluu, mboni ndogo kama ncha ya sindano, kukoroma bila kuamka. Mlazeni kwa ubavu, mkimbizeni hospitali. Hata akiamshwa na naloksoni, dawa inayozuia nguvu ya heroini na methadoni, asirudi nyumbani mapema, kwa kuwa nguvu yake huisha ndani ya saa moja au moja na nusu ilhali methadoni bado imo mwilini.