MJADALA: Mzazi anaweza kupima ubora wa wodi ya watoto, au anapima lugha tu?

Mama wa Makorora (mwanzisha mada)

Wana Tanga, wakubwa shikamooni, wengine habari zenu. Nina jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita.

Tulikuwa kwenye kikao cha mtaa kuhusu huduma za afya. Akina mama wakaomba maoni ya wazazi yahesabiwe pale watumishi wa wodi za watoto wanapopimwa utendaji wao. Akasimama mtaalamu mmoja, akasema: "Mzazi hajui tiba. Mzazi anapima lugha. Nesi akimchekea, huduma nzuri. Akimkaripia, huduma mbaya." Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Mwanangu alilazwa na nimonia akiwa na mwaka mmoja na miezi minne, katika hospitali moja ya mkoa huu. Jina lake silitaji, na naomba msilibahatishe. Usiku wa pili, kama saa nane, niliona anahema kwa namna ambayo sijawahi kuiona. Kifua chini ya mbavu kinabonyea ndani kila akivuta pumzi, pua zinapanuka, titi halitaki. Nikaenda mezani kwa nesi. Nikajibiwa, "Mama, mtoto ameshachomwa sindano yake, nenda kapumzike." Nikarudi. Nikaenda tena. Mara ya tatu niliona haya kwenda, nikakaa nimemshika kifuani hadi alfajiri. Daktari alipopita akamtazama mara moja tu, akaagiza oksijeni papo hapo.

Mtoto alipona, alhamdulillahi, sasa yuko chekechea. Lakini sikilizeni kilichofuata. Siku ya kuruhusiwa alikuja kijana na karatasi, akaniuliza: "Umeridhika na huduma?" Nikamjibu nimeridhika sana. Mtoto alikuwa hai mgongoni, kanga nimeshaifunga, nataka kutoka getini. Na moyoni nilijua ipo siku nitarudi pale pale na mtoto yule yule. Nani angesema jingine?

Kwa hiyo jibu langu kwenye karatasi halikuwa na thamani yoyote, hilo nakubali. Ila nilichokiona saa nane usiku kilikuwa cha kweli kuliko chochote kilichoandikwa kwenye faili lake usiku ule. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na mimi nasema hata pumzi za mwana aanzaye kuzijua ni mzazi. Maoni yetu yahesabiwe. Nani ananipinga?

Nesi mstaafu, Chumbageni

Mimi nakupinga, mwanangu, na nitakupinga kwa heshima kwa sababu ulichopitia kilikuwa kosa. Kifua kinachobonyea ni dalili ya hatari. Nesi alitakiwa ainuke.

Lakini nimefanya kazi wodi ya watoto miaka mingi, niwaambie wazazi wanasifu nini. Wanasifu dripu. Mtoto akitundikiwa chupa, mama anapiga simu nyumbani: "Anatibiwa vizuri." Mtoto mwenye homa tukimpima kidole malaria hakuna, tukampa dawa ya kushusha homa na kumwangalia, mama analalamika kwamba hajapewa matibabu. Sasa nikuulize. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti mkubwa wa watoto 3,141 wa Uganda, Kenya na Tanzania, na Hospitali Teule ya Muheza, hapa jirani tu, ilikuwa mojawapo ya vituo vyake. Walikuwa watoto wenye homa kali ambao damu yao haizunguki vizuri mwilini. Wengine wakapewa maji mengi ya mshipani kwa haraka, wengine hawakupewa. Ndani ya saa 48 walikufa karibu 11 katika kila 100 kwa waliopewa, na 7 katika kila 100 kwa wasiopewa. Dunia nzima ilishangaa, madaktari wakiwamo. (Watoto wa kuharisha sana na wenye utapiamlo mkali hawakuwemo, kwa hiyo mtu asije akakataa maji kwa mtoto aliyekauka kwa kuharisha.)

Wazazi wa Muheza wangeulizwa siku zile nani anatibu vizuri, wangemchagua nani? Mwenye chupa. Ndiyo maana naogopa kumpa mzazi kalamu ya alama.

Na ongeza hili. Zipo zamu za usiku nilizokuwa peke yangu na watoto zaidi ya 30, wawili kitanda kimoja. Nimewahi kumkaripia mama saa tisa usiku kwa sababu nilikuwa nimetoka kufunika maiti ya mtoto wa kitanda cha pili. Ungenipa alama ngapi?

Mama wa Makorora

Mama, shikamoo. Hayo ya mwisho yamenitoa machozi, na siwezi kukupa alama kwa usiku kama huo.

Ila kwenye dripu umenipa hoja. Utafiti ule haukusema mzazi ni mjinga. Ulisema hata wataalamu walikuwa wakiamini chupa ile. Sasa kama mzazi wa Muheza anaamini dripu ndiyo tiba, kaipata wapi imani hiyo? Ameiona wodini na kwenye vituo vya mitaani, mtoto anatundikiwa chupa na hakuna anayefungua kinywa kumwambia ni ya nini. Kwa hiyo kabla hujanihukumu kwa kutojua, niulize kama niliambiwa. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano akihema mara 40 au zaidi kwa dakika, hiyo ni hatari. Nimekuja kulijua hilo baadaye, kwa mtu wa kando. Siku zote nne nilizolazwa naye hakuna aliyenionyesha kuhesabu. Mnaita kueleza "lugha". Mimi naiita sehemu ya dawa.

Baba wa watoto watatu, Mabawa

Nyote mnazungumzia mama. Baba je? Mwanangu alipolazwa nilisimama nje ya mlango, mlinzi ananiambia saa ya kuona wagonjwa bado, na mkononi nimeshika dawa niliyotumwa kuinunua duka la nje. Sera inasema mtoto chini ya miaka mitano anatibiwa bure hospitali za umma. Bure ikaishia dirisha la dawa. Nikaja nikampa mlinzi mfuko, nikarudi kibaruani bila kumwona mtoto.

Kwangu ubora unaanzia hapo, dawa ipo au haipo. Habari ya tabasamu sitaki hata kuisikia, nesi anune mpaka asubuhi mradi sindano ipo.

Nesi mstaafu, Chumbageni

Baba, na dawa ikikosekana anayepokea matusi ni nesi, wakati yeye siye anayeagiza. Mzazi akijaza fomu siku hiyo atatoa sifuri kwa nani? Kwa yule aliyesimama mbele yake.

Mkazi wa Pongwe

Mimi nilijifungua kabla ya siku, mtoto kilo moja na nusu. Naomba niongeze kitu kwa mama nesi.

Nchi hii imepiga hatua, tuseme ukweli. Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015/16 ulionyesha watoto 67 kati ya kila 1,000 wanaozaliwa hai wakifa kabla ya kufika miaka mitano. Ule wa 2022 ukaonyesha 43. Lakini watoto wachanga, wa siku 28 za kwanza, walikuwa 25, wakawa 24. Pale tumekwama. Na pale ndipo mama anapotenganishwa na mtoto. Mimi nililala jengo jingine, naitwa kila baada ya saa tatu kukamua maziwa, nakamua, natolewa.

Mwaka 2021 ulitoka utafiti uliofanyika nchi tano, Tanzania ikiwemo, kwa watoto wa kilo 1 hadi chini ya 1.8. Walioanza kubebwa kifuani ngozi kwa ngozi mara tu baada ya kuzaliwa, mama akiwa humo humo chumba cha uangalizi maalumu, walikufa 12 katika kila 100 kufikia siku ya 28. Waliosubiri kwanza hali itulie ndipo wabebwe walikuwa karibu 16. Nisomapo hapo nauliza: nilipolalamika kwamba nimewekwa mbali na mwanangu, nilikuwa nalalamikia lugha au nilikuwa nalalamikia tiba?

Mzee wa Ngamiani

Tusidanganyane, hapa hatusemi kwa sababu ya woga. Wodi niliyoiona mimi ina sanduku la maoni ukutani, na ufunguo anao mganga mfawidhi. Binti yangu aliniambia, "Baba, nikiandika leo, kesho ni mwanangu anayetafutwa mshipa." Huenda hakuna nesi hata mmoja mwenye roho hiyo, lakini mama aliyeshika mtoto mgonjwa hawezi kulijaribu hilo. Ondoeni woga kwanza, ndipo mjadili alama.

Mama wa Makorora

Baba yangu, umegusa. Mimi ndiye yule yule niliyesema nimeridhika sana.

Nimekuwa nikifikiri tangu juzi na sasa naona nilikosea kwenye kikao, na mtaalamu naye alikosea. Sote tulikuwa tukibishania alama. Mzazi akiulizwa "umeridhika?" atapima shukrani yake, au hasira yake, au dawa iliyokosekana kama kaka wa Mabawa. Mama nesi ana haki ya kuogopa hilo. Lakini mzazi akiulizwa alichokiona kwa macho yake, ni shahidi ambaye hospitali haina mwingine. Nesi ni mmoja kwa watoto 30. Mimi nilikuwa mmoja kwa mmoja, usiku na mchana.

Na asiulizwe akiwa wodini. Aulizwe wiki mbili baadaye, kliniki ya karibu na kwake anapompeleka mtoto kupimwa uzito, na mtu asiyefanya kazi katika hospitali ile.

Baba wa watoto watatu, Mabawa

Na baba naye aulizwe. Kliniki hatuendi wengi, ni kweli, lawama hiyo naipokea. Lakini simu tunazo.

Nesi mstaafu, Chumbageni

Kuulizwa alichokiona, hapo nakubaliana nanyi. Alama za mtumishi mmoja mmoja bado nazikataa, kwa sababu mtamwadhibu yule aliyekuwepo na kumwacha aliyepanga zamu ya mtu mmoja.

Mngeniachia mimi kuandika fomu hiyo, ningeweka maswali matatu tu. Nani alikuonyesha dalili za kumwita nesi? Ulipomwita, alifika baada ya muda gani? Usiku huo wodini walikuwepo manesi wangapi? Hilo la tatu mama yeyote analijua, maana usiku kucha huwa anawatazama.

Mama wa Makorora

Alikuwa mmoja, mama. Yule niliyemwendea mara mbili alikuwa peke yake. Sijawahi kulisema hilo mahali popote, kwa sababu hakuna aliyeniuliza.